Shafti Iliyokatika Polepole

Usisafishe. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayeniletea chuma kilichokatika. Usikipanguse, usikitie kwenye mafuta ya taa, na usijaribu kurudisha vipande viwili pamoja ili uone kama vinaingiana. Vitaingiana, vilikuwa kitu kimoja. Lakini ukivisugua utafuta alama, na alama hizo ndizo zitakazokuonyesha kosa lilianzia wapi. Nasema hivi nikikumbuka kwamba siku moja mimi mwenyewe nilikuwa na kitambaa mkononi, debe la mafuta ya taa miguuni, na sababu nzuri sana ya kusafisha.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, katika shamba kubwa la chai upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau. Mimi si mzaliwa wa huko. Nilitoka magharibi kama wengi wetu tuliokuja kuchuma majani, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo na mikono yangu ilipenda vyuma, sikukaa sana na kikapu mgongoni. Walinipeleka kiwandani kutunza mashine za kusokota majani. Nikakaa huko miaka minne. Halafu fundi mmoja wa gereji akastaafu, wakanihamishia gereji, na huko ndiko nilikokutana na malori.

Lori ninalozungumzia lilibeba majani mabichi kutoka vituo vya kupimia hadi kiwandani. Jumanne moja, saa nane mchana, lilikuwa linapanda kutoka mtoni likiwa limejaa. Katikati ya mlima injini ikanguruma kama imeachiliwa, lori likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Dereva alilishika kwa breki ya mkono, akaruka chini na kusukumia mawe chini ya magurudumu. Trekta la kulivuta lilichelewa. Na majani mabichi hayangoji mtu. Yakirundikana yanapata joto, na yakipata joto yanageuka mekundu. Yalipofika kiwandani yalikuwa na rangi ya ugoro, na yote yakamwagwa shimoni.

Sasa meneja alitaka mtu. Shamba lile lilikuwa na mtindo wake: kitu kikiharibika, kosa ni la aliyekishika mwisho. Mkasi wa kupogolea ukivunjika, hakuna aliyeuliza ulinolewaje wala ulikuwa na umri gani. Waliuliza ulikuwa mkononi mwa nani. Shafti ya klachi ilikuwa imekatika, na mtu wa mwisho kuigusa, kwa mguu wake wa kushoto, alikuwa dereva.

Dereva huyo alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo, mtu mrefu aliyekaribia miaka hamsini, mwenye sauti ya chini. Aliendesha kwa utulivu hata wanawake waliopanda juu ya magunia kurudi nyumbani walisinzia, na wakatania kwamba wakitaka kubembeleza mtoto mkorofi watamkodisha yeye. Sasa alikuwa ameshushwa kwenye usukani na kuambiwa angoje Ijumaa, siku ya kusikilizwa ofisini. Akipatikana na kosa angefukuzwa, na sababu ingeandikwa kwenye karatasi yake ya kazi. Hakuna shamba lolote, tangu Kericho hadi Bomet, ambalo lingempa lori dereva ambaye karatasi yake inasema anavunja giaboksi. Alikuwa na ng'ombe na kipande cha ardhi, asingelala njaa. Lakini alikuwa dereva, na hakutaka kuwa kitu kingine.

Nyapara wa gereji alikuwa wa upande wetu wa magharibi. Alinipokea vizuri nilipotoka kiwandani, akanifundisha mengi, na sitasema uwongo juu yake. Aliniita "mwana wefwe", mtoto wa kwetu, hasa alipotaka kitu.

"Mwana wefwe," aliniambia asubuhi ya Jumatano, vipande viwili vya shafti vikiwa juu ya meza ya kazi, "hii ni nyepesi. Ameachilia klachi ghafla kwenye mlima, lori limejaa, shafti imekwenda. Andika hivyo, weka sahihi, tuagize nyingine."

"Bado sijaitazama."

"Utazame nini? Imekatika. Hata kuku anaona imekatika."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama ncha za viatu vyake zikiwa kwenye mstari wa mlango kabisa. Nyapara akamgeukia.

"Wewe, mguu wako una uzito gani? Chuma kinene hivi unakikata kama muwa?"

"Mguu ni wa kawaida," dereva akajibu bila kupandisha sauti. "Mdomo wako ndio mzito. Na mimi sikuvunja hiyo kari."

"Kari! Hata gari huwezi kuitaja, utaiendesha?"

"Nimeiendesha miaka kumi na moja bila kuitaja."

Mafundi wawili waliokuwa chini ya trekta wakacheka, nyapara akawaambia warudi kazini, nao wakacheka zaidi. Mimi nikachukua kipande kimoja nikakipeleka penye mwanga.

Niieleze kidogo shafti hii, maana si kila mtu amepata kulala chini ya lori, na jambo lenyewe si gumu. Injini iko mbele, giaboksi iko nyuma yake. Kati yao kuna klachi. Ifikirie kama watu wawili wanaopeana mikono. Dereva akiinua mguu, mikono inashikana na nguvu inapita. Akikanyaga, mikono inaachana na anaweza kubadilisha gia. Shafti ya klachi ndiyo mkono wa giaboksi. Nyuma imeshikwa na beringi kubwa. Mbele, ncha yake nyembamba inaingia kwenye tundu katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na ndani ya tundu hilo kuna boshi, pete ndogo ya shaba, fupi kuliko kidole gumba. Hiyo pete ndiyo inayoishika ncha isicheze. Ikiwa nzima, hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Sasa, chuma kama hiki hukatika kwa njia mbili, na unaweza kuziona zote mbili kwa mikono yako ukiwa nyumbani. Chukua waya. Ukiukata kwa koleo, umekatika mara moja, kwa nguvu. Ukiupinda huku na huku, huku na huku, kwa muda huoni chochote. Halafu unakuachia vipande viwili mkononi, na wala hukutumia nguvu. Shafti iliyokatwa na mguu mzito ni kama waya wa koleo. Uso wake wote unakuwa mpya, wa kijivu, unametameta kama sukari guru iliyovunjwa sasa hivi. Tena yale meno marefu ya shafti, ambayo sahani ya klachi, ile inayoshikana na injini, huteleza juu yake, yanakuwa yamejisokota kama kamba. Shafti iliyopindwapindwa inaanza na ufa mwembamba ukingoni. Ufa unaingia ndani kila siku, kuta zake zinasuguana mpaka zinalainika, unyevu unaziingia zinakuwa za kahawia. Chuma kinachobaki katikati kinafanya kazi ya wote, mpaka siku moja hakiwezi tena.

Niliyaangalia meno. Yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Nikageuza uso uliokatika. Kuzunguka ukingo wote ulikuwa laini na wa kahawia, pete ndani ya pete. Katikati kabisa palikuwa na doa la kijivu la kumetameta, si kubwa kuliko kifungo cha shati.

Nakumbuka furaha iliyonipata. Ni furaha ya fundi na sioni haya kuitaja: umeuliza chuma swali, kimekujibu.

"Mzee," nikamwita dereva, "ingia uone."

"Haruhusiwi kuingia," nyapara akasema.

Basi nikaitoa shafti nje. Nikamwonyesha dereva ule ukingo. "Hii kahawia ni ya zamani. Ilianza kukatika miezi mingi iliyopita. Jumanne kilichokuwa kimebaki ni hiki kifungo tu. Hata ungepanda mlima bila viatu, kwa ncha za vidole, ingekatika."

Aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Akauliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimejiuliza kwanza: "Sasa ni nini ilikuwa inaikata?"

"Nitajua leo leo," nikasema, kifua mbele, kwa sauti ambayo nyapara angeisikia.

Nyapara alikuwa amesikia. "Kwa hiyo sasa imejikata yenyewe?"

"Haikujikata. Kuna kitu kilikuwa kinaipinda kila ilipozunguka."

"Kitafute basi, wakili wa madereva. Ukikosa, utaweka sahihi."

"Nikikipata, nani ataweka?"

Akageuka akawaendea mafundi wa trekta. Nilikuwa kijana bado, na nilidhani kumnyamazisha mtu ni kumshinda.

Nilifungua kila kitu kwa utaratibu. Bolti za kushikilia giaboksi zilikuwa zimekazwa. Pini za kuiweka katikati zilikuwepo zote mbili. Beringi kubwa ya nyuma ilizunguka bila kelele. Nikaingiza kidole kwenye tundu la flaiwili, mahali pa boshi, na kidole kikacheza kulia na kushoto. Tundu lilikuwa limekuwa na umbo la yai. Nikaivuta boshi nje. Ilikuwa imeliwa upande mmoja hadi unene wa ganda la yai hilo hilo, na ndani ilikuwa ya samawati, rangi ambayo chuma hupata kikiungua. Nikapitisha kidole ndani yake. Hakikupata hata unyevu wa mafuta.

Basi jibu lilikuwa hilo. Boshi iliwekwa bila grisi. Ilisuguana na ncha ya shafti kavu kwa kavu, ikaliwa, ncha ikakosa wa kuishika, na tangu hapo shafti ikawa inapindwa kidogo kila mzunguko, maelfu ya mara kwa safari moja, kama ule waya.

Nikaigeuza boshi mara ya pili. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa imechongwa kwa mashine yetu ya gereji, kutoka kwenye kipande cha shaba cha mashine ya zamani ya kusokota chai. Nilikijua kipande hicho. Nilikuwa nimekileta mwenyewe kutoka kiwandani nilipohama. Boshi ile niliichonga mimi, na niliiweka mimi, kabla ya mvua za masika.

Nataka nieleze vizuri jinsi nilivyokosea, maana lilikuwa kosa la mtu wa chai, na sidhani fundi wa Nakuru au wa Kisumu angeweza kulifanya. Kiwandani, grisi ni adui. Chai inavuta harufu kuliko sufu inavyovuta maji. Tone moja la mafuta ya mashine likidondoka kwenye majani, muonjaji atalijua, na kazi ya siku nzima inatupwa. Kwa miaka minne nilifundishwa kupangusa. Unafunga bolti, unapangusa. Unaweka pete, unapangusa ndani, unapangusa nje, unanusa kitambaa. Fundi mzuri wa kiwandani ni yule ambaye ukipitisha kitambaa cheupe nyuma yake kinabaki cheupe. Nilikuwa fundi mzuri sana wa kiwandani. Nilipofika gereji nikaambiwa pia kwamba klachi haitaki mafuta, sahani itateleza. Hilo ni kweli kabisa. Lakini boshi si klachi, iko nusu futi tu kutoka pale, na inataka grisi yake kidogo. Mimi nilisikia "mafuta mabaya" na nikahisi niko nyumbani. Nikaichonga boshi vizuri, nikaipangusa mpaka ikang'aa, nikaiweka. Nakumbuka hata nilikinusa kitambaa.

Nyapara alikuja nikiwa bado nimechuchumaa na ile pete kiganjani. Aliitazama, akanitazama, akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia. Sauti yake ikawa ya upole, na upole huo ndio uliokuwa mgumu kuupinga.

"Mwana wefwe. Nani ameiona?"

"Wewe na mimi."

"Basi haijaonekana." Akalisogeza debe la mafuta ya taa kwa mguu wake, akanipa kitambaa. "Safisha shafti, ing'ae. Hiyo pete itupe kwenye pipa la vyuma. Dereva ni mtu wa hapa, ana shamba, ana ng'ombe, ana ndugu kila kilima. Wewe ukifukuzwa unakwenda wapi? Nyumba ni ya kampuni. Unarudi magharibi kwa miguu ukiwaambia nini?"

"Lakini siye aliyevunja."

"Wala wewe hukuvunja. Ulifanya kazi kwa usafi sana. Nani anafukuzwa kwa usafi? Ndivyo utakavyowaeleza? Watakucheka, halafu watakufukuza." Akanishika bega. "Sisi wa kwetu tukiangushana hapa, nani atatuinua?"

Akaenda zake. Kengele ya mapumziko ya mchana ikagongwa.

Sikwenda kula. Nilikaa nyuma ya stoo na vile vipande viwili vya shafti, kitambaa, na debe. Boshi nilikuwa nayo mfukoni. Sitajifanya shujaa. Nilichovya kitambaa kwenye debe. Nilikikamua. Nilikaa nacho kikidondoka kati ya magoti, nikiyapanga maneno: shafti ni ya zamani, chuma kilikuwa na kasoro tangu kiwandani kwake, hakuna aliyekosa. Hilo pia lingekuwa uwongo, lakini uwongo usioumiza mtu. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini kwa mtindo wa shamba lile, kosa likikosa mwenyewe, lingerudi tu kwa aliyeshika mwisho.

Dereva alinikuta hapo. Alikuwa amebeba chupa ya chai ya maziwa na kikombe kimoja cha bati. Akaniamkua, "Chamgei," nikaitikia, akaketi kwenye tairi bovu, akanimiminia kwanza.

"Nimekumbuka kitu," akasema. "Labda kitakusaidia. Wakati wa masika, nikikanyaga klachi nikatia gia ya kwanza, ilikuwa inalia, krrr, kama inakataa. Halafu mwezi wa sita hivi ikaacha kulia. Nikafurahi. Lakini ikaanza kutetemeka miguuni, kidogo tu, nikiwa na mzigo."

Kikombe kilikuwa cha moto nami sikukiweka chini. Kila neno lake lilikuwa sahihi. Boshi kavu ilipokuwa bado nzima iliikamata shafti na kuizungusha hata klachi ikiwa imekanyagwa, ndiyo maana gia zililia. Ilipokwisha kuliwa ikaachilia, kelele zikaisha, na kutetemeka kukaanza. Mguu wa mtu yule ulikuwa umeusoma ugonjwa wote mwanzo hadi mwisho bila kufungua bolti moja.

"Ulisema gereji?"

"Nilisema. Mara mbili."

"Walikuambia nini?"

Akainua macho, akanitazama kwa adabu, kama mtu anayemkumbusha mwingine jambo dogo. "Ni wewe niliyekuambia. Ulisema nikanyage mpaka chini. Ulisema mguu wangu ni mvivu."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Sikumbuki hata leo kama nilisema nikicheka au nikiwa nimechoka. Lakini mara tu aliposema, nilijua nilisema.

Nikatoa boshi mfukoni nikamwekea kiganjani. "Hii ndiyo iliyoikata. Niliitengeneza mimi. Niliiweka bila grisi."

Aliigeuza, akaingiza kidole chake kidogo ndani, akakitoa akakitazama. Upande wa pili wa bonde wachumaji walikuwa wakiitana.

"Umemwambia nyapara?"

"Anajua."

"Na hicho kitambaa ni cha nini?"

"Cha kusafishia."

"Umesafisha?"

"Bado."

"Ijumaa," akasema, akinirudishia boshi, "utasema hivi hivi ulivyosema sasa?"

"Nitasema."

"Watakufanya kitu kibaya."

"Wafanye," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nikalipenda. Nikalitupa lile tambara mbali, likanasa kwenye ua. "Mimi ndiye niliyekosea. Wataandika jina langu, si lako. Kosa langu hawatalivisha mtu mwingine."

Akamimina chai tena, safari hii akajimiminia mwenyewe. "Nyinyi watu wa magharibi ni wakaidi kama fahali wa kulima," akasema. "Halafu usafi mwingi! Umepangusa mpaka grisi ya watu."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Ijumaa tulikuwa wanne ofisini mbali na meneja: injinia wa shamba, nyapara, dereva na mimi. Meneja na injinia walikuwa Wazungu, na Kiswahili chao kilikuwa kile cha kutoa amri. Fomu ilikuwa mezani, imeshajazwa. Ilibaki sahihi yangu tu, kama fundi aliyefungua giaboksi. Nilitandika gazeti juu ya meza nikaweka vipande viwili vya shafti, bila kuvisafisha, na boshi pembeni. Meneja akauliza kwa nini ninaleta uchafu ofisini.

"Uchafu huu ndio ushahidi, bwana."

Nikaeleza. Nilikuwa nimekuja na kipande cha waya, nikampa injinia aupinde. Aliupinda huku na huku, nadhani kwa kunistahi tu, mpaka ukamkatikia mikononi, na hapo akavuta kiti karibu. Alitoa miwani ya kukuzia akautazama ukingo wa kahawia, akayatazama meno, akaingiza kalamu ndani ya boshi. Akamwambia meneja kitu kwa Kiingereza, na nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa kwamba alikubali.

"Nani aliweka hii?" meneja akauliza.

Nyapara akakohoa. "Ni ya zamani, bwana, ilikuja na lori."

"Si ya zamani," nikasema. "Niliitengeneza mimi, nikaiweka kavu. Dereva alileta malalamiko mara mbili. Nilimrudisha mara mbili."

Meneja alitazama fomu yake iliyojazwa vizuri. Ninaamini hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekwisha kumaliza jambo. Akaniambia kwamba mambo ya boshi yatashughulikiwa gereji, lakini lori lilikuwa mikononi mwa dereva, na jina lililoandikwa ni la dereva. Akanisogezea kalamu.

Niliiacha kalamu ilale pale.

"Sitaweka sahihi."

"Ni amri."

"Nimeisikia, bwana. Karatasi inasema aliachilia klachi ghafla. Shafti inasema hapana. Siwezi kuandika jina langu chini ya kitu ambacho shafti iliyo hapa mezani inakikana. Andikeni nyingine, iwe na jina langu, hiyo nitaiwekea sahihi mara mbili mkitaka."

Nyapara alinikanyaga kiatu chini ya meza. Nikauvuta mguu na kusema kwa sauti, "Na huyu ananikanyaga, lakini bado sitaweka."

Injinia akageuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika. Meneja akaichukua ile fomu na kuikunja, bila kuichana, akaitia kwenye droo. Akatoa nyingine tupu. Aliijaza polepole kwa mwandiko wake mzuri, akaniuliza namba yangu ya kazi, nami nikamtajia tarakimu moja moja.

Nilipewa barua ya onyo kali. Nilikatazwa kugusa giaboksi yoyote mpaka itakapoamuliwa vingine, nikawekwa kwenye kutengeneza mikokoteni na pampu za kunyunyizia dawa. Nyapara hakuniita tena mwana wefwe. Aliniita fundi, kwa sauti ya kunikumbusha kwamba sina ukoo. Dereva alirudishiwa lori lake siku ile ile, ingawa lori lenyewe lilikuwa halina shafti.

Shafti mpya ilipofika, nyapara alimpa fundi mwingine aiweke, fundi mzuri kabisa. Dereva akaja mlangoni, akasimama pale pale alipokuwa amekatazwa kuvuka, na sasa akavuka.

"Aiweke yule," akasema akininyooshea kidole nikiwa na mkokoteni wangu.

"Yule amekatazwa," nyapara akajibu. "Tena ndiye aliyeiharibu ya kwanza! Una wazimu?"

"Ndiyo maana. Huyu mwingine hajakosea bado. Sijui atakosea wapi. Yule najua hatakosea hapo tena."

"Hiyo si kazi ya dereva kuchagua."

"Basi liendeshe wewe," dereva akasema, akaweka ufunguo juu ya meza ya kazi, akaketi juu ya debe.

Majani yalikuwa yakingoja vituoni. Nyapara alitembea mpaka ofisini na kurudi. Aliporudi hakunitazama, alinitupia spana, nikaidaka.

Nililala chini ya lori asubuhi ile nzima. Ilipofika zamu ya boshi mpya, dereva alijipenyeza pembeni yangu na nguo zake safi, akalala chali kwenye ile sakafu ya mafuta.

"Onyesha," akasema.

Nikachota grisi kwa kidole, kiasi cha punje ya mahindi, nikaipaka ndani ya boshi pande zote, taratibu, nikimweleza.

"Ongeza."

"Nikiongeza itarukia klachi, itateleza."

"Umesema kweli au ni ule usafi wako?"

"Ni kweli, mzee."

Aliingiza kidole chake mwenyewe ndani ya boshi, akakitoa, akakileta karibu na macho mpaka alipoona kinang'aa. Akajipangusa kwenye shati lake jeupe.

"Haya," akasema. "Sasa funga."